Uso Uliokunjamana na Sindano ya Kuukunjua

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lushoto, umri wangu miaka 48. Kwa miaka kumi na mitatu sasa huamka kabla hakujapambazuka nikakimbia hadi Irente na kurudi, siku tano kwa wiki, na mwili wangu, alhamdulillahi, ni mzima. Uso ndio ulionigeuka. Baina ya nyusi pana mifuo miwili kama matuta ya viazi, na mashavu yamebonyea. Wanafunzi hudhani nimekasirika hata siku niliyo na furaha. Juzi nilikuwa nikisahihisha madaftari, nimeyanyooshea mkono mbele ili niyaone vema, mwenzangu akaniuliza nimepatwa na msiba gani. Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam ananiambia habari za sindano za Botox, na kwamba yuko fundi wa urembo awezaye kupanda huku na mkoba wake, akanidunga katika nyumba ya wageni kwa bei nafuu. Naona haya kuuliza, lakini nahofia mambo mawili: kwamba mbio zangu zitaimaliza dawa upesi, na kwamba mke wangu atajua. Nifanyeje?

Mkunja Uso, Lushoto

Mwalimu, nimeisoma barua yako mara tatu, na hiyo haya unayoiona mimi sikuiona mahali pake. Kwani wazee wetu wa pwani, waliotia wanja machoni na hina ndevuni na kujifukiza udi kabla ya kwenda kuswali Ijumaa, hawakuhesabiwa kuwa wamepungukiwa na uanaume, na mtu atakaye uso wake useme yaliyomo moyoni mwake, usiwatishe bure watoto anaowafundisha, hajatenda la kulaumiwa. Tena wewe waishi katika nchi ambayo tarihi yake yenyewe huanza kwa mtu aliyehukumiwa kwa maumbile: Mbegha, kama alivyosimulia Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, jamaa zake wakamwona nuhusi wakamtenga, Washambaa wakampokea kwa nyama ya nguruwe mwitu aliyowagawia, na habari ya meno haikuwashughulisha. Nalitaja hili kwa kuwa nimetafuta katika barua yako mtu mmoja aliyekukimbia kwa sababu ya mifuo hiyo, nami sikumpata.

Ama dawa yenyewe, asili yake ni sumu, na si kwa mfano wa maneno. Ni ile itolewayo na kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambayo tabibu Mjerumani Justinus Kerner aliieleza katika miaka ya 1820 baada ya kuona watu wa Württemberg wakipooza na kufa kwa kula soseji zilizoharibika, na jina lake hata leo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Ikitiwa ndani ya msuli kwa kipimo kidogo mno, huzuia ncha za mishipa ya fahamu zisitoe asetilikolini, ambayo ndiyo amri iuambiayo msuli ujikaze. Na msuli usiopata amri hulegea, ngozi iliyo juu yake ikakunjuka. Waliotangulia kuifanya tiba walikuwa madaktari wa macho, jambo ambalo nakuomba ulishike kwa kuwa nitalirudia. Alan Scott wa San Francisco aliitumia kunyoosha makengeza, serikali ya Marekani ikaipa ruhusa kwa maradhi ya macho mwaka 1989. Na Jean Carruthers wa Vancouver, alipokuwa akiwatibu wenye kope zinazojifumba pasipo hiari, ndiye aliyeona kwamba mifuo ya baina ya nyusi nayo inatoweka, wakalitangaza hilo yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, mwaka 1992. Ruhusa ya kuitumia kwa urembo ilitoka Marekani mwaka 2002.

Taathira yake huanza kuonekana baada ya siku chache, hutimia katika wiki mbili, na baada ya miezi mitatu au minne mishipa huzinduka, uso ukarejea ulivyokuwa. Ni chumba cha kupanga, Mwalimu, na kodi yake hudaiwa mara tatu au nne kwa mwaka. Kipimo cha kawaida cha mahali hapo pa nyusi ni yuniti 20, zikigawanywa katika matundu matano, lakini wanaume aghalabu huhitaji zaidi kwa sababu misuli yao ni minene, na penye bei ihesabiwayo kwa yuniti unene huo hulipiwa. Mashavu yako hayamo kabisa katika hesabu hii: yamebonyea kwa kupungua mafuta chini ya ngozi, kwa umri na kwa mbio ndefu, na dawa ya kulegeza msuli haijazi pengo.

Kuhusu mbio, wapo waliosema kwamba kwa wafanyao mazoezi mazito dawa huisha mapema, na watu wa viwanja vya mazoezi wamelishika neno hilo kama aya. Ushahidi wake ni mchache. Na hata likiwa kweli, utakachopoteza ni wiki kadhaa za kipaji laini, ilhali ukiacha mbio utapoteza moyo na mapafu uliyoyajenga kwa miaka kumi na mitatu katika kilima kile. Usiache. Sharti kubwa ni la siku ile ya sindano: usikimbie mpaka kesho yake, usilale kwa saa nne, wala usipasugue palipodungwa, dawa isije ikahamia msuli wa jirani. Na ukiwa ndani ya basi la kurudi Lushoto, usisinzie ukaegemeza kipaji cha uso kwenye kioo, jambo ambalo katika kona za baina ya Mombo na Soni hutupata sote.

Lakini yule fundi mwenye mkoba, huyo namkataa bila ya kuuma maneno. Chupa ya dawa hii hutakiwa ikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, nami siujui mkoba uwezao kuitunza baridi hiyo kutoka Dar es Salaam hadi nyumba ya wageni ya Lushoto; na mtu asiyejua njia za misuli ya uso aweza kuiangusha kope yako kwa wiki kadhaa, ukawa wasimama mbele ya darasa kana kwamba wawakonyeza wanafunzi, tukio ambalo mwalimu mkuu hatalipokea kwa insafu. Hayo ni mepesi. Sumu ikienea, huleta udhaifu wa mwili na taabu ya kumeza na kupumua, na hapo hutakiwi kungoja hata dakika, ni hospitali. Mwenye maradhi ya udhaifu wa misuli haimfai, na anayedungwa antibiotiki iitwayo jentamisini kwa wakati huo amweleze daktari mapema. Ukiamua, basi mwendee tabibu aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, umwombe akuoneshe chupa kabla hajaifungua, uulize kama Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inaitambua. Tabibu wa kweli hachukii kuulizwa.

Sasa narudi kwenye macho. Umeandika, kana kwamba ni neno la kupita, kuwa madaftari wayanyooshea mkono mbele ili uyaone. Mwalimu, katika umri wa miaka 48 lenzi ya jicho imekwisha kuwa ngumu, haijikunji tena vema kwa kitu kilicho karibu, na mtu hukaza nyusi kutwa pasipo kujijua. Huyo mwenzako aliyeuliza msiba nadhani aliona tu mtu anayehitaji miwani ya kusomea. Nenda ukapimwe. Miwani haitaifuta mifuo iliyokwisha chimbika, lakini itaiondoa sababu ya kuichimba kila jioni, na huenda wanafunzi wakaanza kukuona umetulia kabla hujatumia senti moja ya sindano.

Na mke wako mwambie. Nyumba inayotoa fedha kila baada ya miezi mitatu kwa safari isiyoelezwa itajengewa maelezo mengine, tena mabaya kuliko Botox. Pengine atacheka, na pengine atakwambia ameizoea sura hiyo tangu mlipooana. Vyovyote vile msikilize. Ipe miwani miezi mitatu. Ikiwa mifuo itaendelea kukuudhi baada ya hapo, teremkeni pamoja hadi Dar es Salaam, naye akae upande wa dirisha.