Somo la Samaki: Ukubwa, Jinsia na Umri

Dagaa mkavu wa Ziwa Tanganyika anafahamika kwa watoto wa Rungwe Mpya kuliko samaki aliye hai. Mwulize mwanafunzi dagaa ni nini, naye huenda akajibu kuwa ni mtoto wa samaki. Mwalimu asilikatae jibu hilo upesi. Dagaa ni samaki kamili: hazidi sentimita 10 hivi, na hutaga mayai akiwa na udogo huo huo. Basi kimo peke yake hakituonyeshi umri.

Tunapendelea kulifundisha jambo hili kwa perege wa bwawani. Kila kikundi kipewe rula na samaki kadhaa waliovuliwa pamoja. Wapime kutoka ncha ya mdomo hadi mwanzo wa pezi la mkia, si hadi mwisho wake, kwani pezi huchanika na vipimo vikapotoka. Kisha wamlaze samaki chali. Nyuma ya tundu la haja kubwa kuna kijinundu: cha dume kina tundu moja tu, la mkojo na mbegu, cha jike kina mawili, la mkojo na la mayai. Tone la wino huyafanya matundu yaonekane.

Vipimo vikiandikwa ubaoni, dume upande huu na jike upande ule, mara nyingi madume watazidi. Wanafunzi watafute sababu kwanza. Jike huatamia mayai na makinda kinywani kwa siku 10 hadi 14 hivi, karibu bila kula. Tena sehemu ya chakula chake huishia katika mayai. Cha dume hujenga mwili.

Jambo hili lawagusa wazazi pia. Bwawa likijaa kupita kiasi, perege hudumaa lakini huendelea kuzaa. Mwenye bwawa hudhani samaki wake hawajakomaa, akazidi kungoja na kuwalisha bure. Kumbe wengi ni wazima, pamoja na watoto na wajukuu zao. Mwanafunzi aliyempasua samaki mdogo akakuta mayai tumboni aweza kumweleza babaye.

Mfano uliokithiri umo katika Ziwa Tanganyika: Lamprologus callipterus, aliyepewa jina hilo mwaka 1906. Dume humzidi jike uzito mara 12 hivi. Jike hutagia ndani ya kombe tupu la konokono, hivyo hana budi kuwa mdogo. Dume huyabeba makombe hayo kwa kinywa, hivyo hana budi kuwa mkubwa. Wapo pia madume vibeti, wadogo kuliko jike, ambao hujipenyeza ndani ya kombe kurutubisha mayai. Hao hawatakuwa wakubwa kamwe.

Kwa jaribio, mwalimu achore samaki watatu wa vimo mbalimbali na kuuliza: yupi mkubwa kwa umri? Atakayeuliza kwanza kama ni wa aina moja, na yupi dume, apewe alama zote.