Mtaji Anao, Mlezi Hana

Kisa cha Abdurrahman bin Auf (RA) tunakisimulia sana misikitini. Alihamia Madina akiacha mali yake Makka, na Mtume (SAW) akamuunga undugu na Saad bin Rabii (RA), tajiri wa Kiansari. Saad alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akauliza habari za soko. Walimu wengi tunaishia hapo na kusema: huko ndiko kujitegemea.

Ni kweli, lakini tutazame tena. Abdurrahman hakuwa mgeni wa biashara. Alikuwa mfanyabiashara tangu Makka. Asichokijua ni mji. Akamuuliza mwenyeji, naye Saad akamuelekeza soko la Bani Qaynuqaa. Akaenda, akarudi na jibini kavu na samli. Nusu ya mali aliikataa, maelekezo hakuyakataa.

Sisi tumegeuza. Kijana akitoka chuo kikuu na shahada yake ya biashara, familia inauza kiwanja apate mtaji. Anafungua duka Kariakoo, lakini hana wa kumuuliza: mzigo huu uagizwe msimu gani? Mteja yupi anakopesheka? Hakuna aliyemzoesha kutenganisha fedha ya duka na ya nyumbani, basi anakula mtaji huku akidhani anakula faida. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inaamrisha kuandika madeni. Kijana ameihifadhi tangu madrasa, na daftari la madeni hana!

Imamu Abu Hanifa alikuwa muuza vitambaa vya hariri mjini Kufa. Inasimuliwa kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumweleza mnunuzi, ambaye hakupatikana tena. Imamu akaitoa sadaka fedha yote ya mauzo yale. Mambo kama hayo ubaoni hayatoshi, hata nami ninayesomesha nakiri hivyo. Yanataka kuonwa dukani.

Wapo wazee wetu wanaochelea kumlea mshindani. Waislamu, tangu lini riziki ikagawiwa na jirani wa duka?

Kamati za misikiti zingeweza kumkabidhi kila kijana kwa mzee mmoja mwenye uzoefu, wakakutana mara moja kwa mwezi baada ya swala ya Ijumaa. Mzee asiombwe fedha, aombwe nusu saa. Na kijana aje na daftari lenye hasara zake zote, maana mzee hawezi kushauri juu ya hesabu aliyofichwa.