Umeshtakiwa kwa Mwendo wa Kasi? Usikiri Kabla ya Kuona Ushahidi

Madereva wengi wa Kenya hukiri kosa la kasi mahakamani ili wamalizane na kesi warudi kazini. Kama kweli ulizidisha mwendo, kiri, ulipe, na upunguze kasi, kwa maana kasi inaua. Lakini kama kipimo ulichoonyeshwa hukiamini, una haki ya kukana, na unaweza kujitetea mwenyewe.

Kazi inaanza barabarani. Omba kwa heshima uonyeshwe kamera. Andika kasi iliyosomeka, saa, mahali na namba ya gari iliyo kwenye picha. Piga picha vibao vya kasi vilivyo karibu. Usitoe kitu kidogo: hongo ni kosa zito kuliko hilo unalolikana. Ukiweka dhamana ya pesa taslimu kituoni, dai risiti. Dhamana si faini, kwa hiyo fika kortini siku uliyopangiwa, la sivyo hakimu anaweza kuagiza ukamatwe.

Karani akikusomea shtaka, jibu, "Si kweli." Usiseme "Ni kweli, lakini..." halafu ukaanza kueleza, maelezo yako yana wakati wake. Hapo hapo omba nakala za taarifa za mashahidi na picha ya kamera. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yako, na ya kupata mkalimani bila malipo.

Siku ya kusikilizwa, elekeza maswali yako kwenye kipimo. Kifaa kilikaguliwa usahihi lini, na cheti kiko wapi? Nani alikishika? Magari mengine yalikuwa karibu? Uliza swali fupi, subiri jibu, usibishane na afisa. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Trafiki hairuhusu utiwe hatiani kwa maoni tu ya shahidi mmoja kwamba ulikuwa ukienda kasi.

Hata tofauti ndogo ya kipimo ina uzito. Kwa Kanuni za Makosa Madogo za 2016, kuzidisha kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni faini ya shilingi 500. Kilomita 11 hadi 15 ni 3,000. Kilomita 16 hadi 20 ni 10,000. Kipimo kikikosea kilomita moja tu, 500 inaweza kuwa 3,000.

Ukishindwa, una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa upande wa mashtaka, nao lazima uthibitishe pasipo shaka. Basi dereva, usiubebe wewe kwa kukiri jambo ambalo hukulifanya.