Homa ya kupe: Tafuta kigaga cheusi

Wengi wetu tukishikwa na homa husema ni malaria. Zahanati nayo huongeza homa ya matumbo, na mgonjwa hurudi nyumbani na dawa za maradhi mawili. Siku zinapita na homa haishuki. Je, kuna aliyemuuliza kama ameumwa na kupe?

Homa ya kupe huletwa na bakteria wadogo mno waitwao riketsia. Wapo wanaobebwa na kupe wa mbwa, na hao huingia hadi sebuleni hapa mjini. Wengine hubebwa na kupe wa ng'ombe na wanyama wa porini, ambao humdandia mtu apitaye nyasini.

Homa huanza baada ya siku tano hadi kumi, pamoja na kichwa kuuma sana na maungo kulegea. Alama kubwa ni pale kupe alipouma: kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, kana kwamba pamechomwa na sigara. Hakiumi sana, ndiyo maana wengi hawakioni. Kitafute kwapani, kiunoni, kinenani, nyuma ya goti, na kwa watoto kichwani katikati ya nywele. Mara nyingi tezi za karibu huvimba. Kikiwa mguuni, utaota mtoki. Vipele huwatoka wengine, hata viganjani, na wengine hawapati kabisa.

Malaria ipimwe, hilo halina mjadala. Lakini kipimo cha riketsia ni adimu, na siku za mwanzo huweza kutoonyesha kitu. Basi usione haya kuvua nguo. Mwonyeshe daktari kigaga na umwambie ulikuwa wapi.

Dawa yake ni doksisaiklini. Mtu mzima kwa kawaida hupewa miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku saba hivi, na daktari huianza bila kungoja maabara. Homa hupungua kwa siku mbili au tatu. Amoksilini, ambayo watu hujinunulia ovyo, haiui riketsia. Mjamzito ajitaje mapema atafutiwe dawa nyingine. Homa itokanayo na kupe wa mbwa ikicheleweshwa huweza kuua, hasa wazee na wenye kisukari.

Ukimkuta kupe mwilini, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota. Usimchome kwa kiberiti wala kummwagia mafuta ya taa, na usimpasue kwa kucha. Kisha mwogeshe mbwa wako dawa ya kupe.