Karate ukubwani: Viungo vinapouma vinakuambia nini?

Mwaka jana alinijia bwana mmoja wa umri wa miaka 46, karani katika afisi moja mjini Thika. Midomo ilikuwa imempauka, na vile vidaraja vitatu vya kuingilia kliniki vilimfanya aheme kama mtu aliyekimbia. Alidhani ana malaria. Nilipomuuliza kuhusu choo alisita kidogo, kisha akasema kwamba kwa siku nne kilikuwa cheusi kama lami.

Choo cha namna hiyo ni dalili ya damu inayovuja tumboni. Niliendelea kumdadisi, akanieleza kwamba miezi mitatu iliyotangulia alikuwa ameanza kujifunza karate pamoja na mwanawe wa miaka 13. Magoti yalipoanza kuuma katika wiki ya pili, alinunua tembe za diclofenac katika duka la dawa. Akawa anameza moja kabla ya mazoezi na nyingine akirudi nyumbani, mara nyingi kabla ya kutia chochote tumboni.

"Daktari, sikutaka mtoto aone baba yake ameshindwa," aliniambia.

Alilazwa hospitalini, akaongezwa damu na kutibiwa kidonda cha tumbo. Goti lililoanzisha mambo hayo yote lilipochunguzwa halikupatikana na ugonjwa wowote mkubwa. Lilihitaji muda tu.

Simsimulii bwana huyu ili kuwatisha wasomaji. Karate, taekwondo, judo na michezo mingine ya kujihami ni mazoezi mazuri kwa mtu wa makamo. Hujenga misuli, hulainisha nyonga na humzoeza mtu kusimama imara bila kuyumba. Mnamo 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Karate inaweza kutimiza sehemu kubwa ya hayo. Lakini anayeanza baada ya miaka 40 yampasa ajue kutofautisha maumivu ya kuzoea na maumivu ya kuumia.

Kwa nini viungo huuma?

Sehemu za mwili hazizoei kazi mpya kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huanza kuzoea katika muda wa wiki chache. Misuli nayo hufuata. Kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha misuli na mifupa, hupata damu kidogo na huchukua miezi kadhaa kuimarika.

Ya mwisho ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo: unapokanyaga hukamuliwa kama sponji, na unapoinua mguu hufyonza ute mpya. Ndiyo maana kiungo kisichotumika hudhoofika, na kinachotwikwa kazi nyingi kwa ghafla hulalamika.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Baada ya wiki sita mwanafunzi wa miaka 45 huona pumzi imerudi na mapaja yamepata nguvu. Basi huongeza mateke na kuchuchumaa chini zaidi, kumbe misuli yenye nguvu mpya inavuta kano ambazo hazijakomaa. Kwa hiyo maumivu mengi ya magoti na visigino hayaji siku ya kwanza, bali katika mwezi wa pili au wa tatu.

Jinsi ya kupima maumivu

Maumivu ya misuli huanza siku moja baada ya zoezi, huzidi katika siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe katika muda wa wiki moja. Huhisiwa kwenye nyama ya paja, kigimbi au bega, na kwa kawaida huwa pande zote mbili. Hayo ni ya kawaida.

Maumivu ya kiungo chenyewe yahitaji kupimwa. Chukua kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutoumwa kabisa na 10 ni maumivu makali kupindukia. Wagonjwa wangu huwapa kanuni hii:

Yakiwa 3 au chini, na yakaisha kufikia asubuhi ya siku inayofuata, endelea kama ulivyopanga.

Yakiwa 4 au 5, au yakadumu zaidi ya saa 24, punguza kazi kwa nusu wiki hiyo. Usiache kabisa, kwa maana kiungo chahitaji kusogezwa.

Yakipita 5, au yakikufanya uchechemee, acha mateke na miruko mpaka upate ushauri wa daktari.

Hatua za kujikinga

Kwanza, anza kwa mafunzo mawili kwa wiki, ukiacha angalau siku mbili katikati. Endelea hivyo kwa miezi mitatu kabla ya kuongeza siku ya tatu.

Pili, pasha mwili moto kwa dakika 10 hadi 15: tembea, kimbia polepole, zungusha mabega na nyonga. Kunyoosha misuli kwa kuivuta na kuishikilia kwafaa zaidi baada ya mazoezi, mwili ukiwa tayari una joto.

Tatu, mwombe mwalimu akusahihishe namna ya kusimama. Goti lielekee upande ule ule wa vidole vya mguu. Likiangukia ndani, hubeba mzigo vibaya. Unapopiga teke la kuzunguka, zungusha pia wayo wa mguu uliosimamia. Wayo ukibaki umeganda sakafuni na mwili ukageuka, goti ndilo linalosokotwa. Na unapopiga ngumi au teke hewani, usikunjue kiwiko au goti mpaka mwisho kwa nguvu.

Nne, teke lako liishie kiunoni kwa mwaka wa kwanza. Usione haya kwa kuwa kijana aliye kando yako anafikisha lake kichwani.

Tano, imarisha misuli nyumbani siku tatu kwa wiki. Keti kitini na uinuke bila kutumia mikono mara 10, upumzike, kisha urudie mara mbili zaidi. Simama kwenye kidaraja, ujiinue kwa vidole vya miguu na ushuke polepole, vivyo hivyo. Paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo.

Sita, angalia uzito wako. Kwa mtu mnene mwenye ugonjwa wa goti, kila kilo moja anayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua anayopiga.

Kiungo kikivimba kidogo baada ya mazoezi, kipumzishe, ukiinue na ukiwekee barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15. Asiye na friji atumie taulo iliyochovywa katika maji baridi.

Tahadhari kuhusu dawa

Diclofenac, ibuprofen na dawa za jamii hiyo hutuliza uvimbe, lakini zinaweza kuchubua tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Diclofenac huongeza pia hatari ya mshtuko wa moyo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa moyo au wa figo asizimeze bila kumwona daktari. Wengine wasizitumie zaidi ya siku chache, na wazimeze baada ya kula.

Kumeza dawa kabla ya mazoezi ili usisikie maumivu ni kosa kubwa zaidi. Maumivu ndiyo yanayokuambia lini utulie. Ukiyanyamazisha, utaendelea kupiga mateke kwa goti linaloumia.

Paracetamol ni salama zaidi kwa tumbo, lakini mtu mzima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi amuulize daktari kwanza.

Usichelewe hospitalini iwapo:

Goti limevimba katika muda wa saa chache baada ya kusokoteka au baada ya kusikia mlio.

Goti limekwama halikunjuki, au huwezi kuukanyagia mguu.

Kiungo kimekuwa chekundu na cha moto, nawe una homa. Huenda kimeingiwa na viini, na kungoja siku mbili kwaweza kukiharibu kabisa.

Kidole gumba cha mguu kimevimba na kuuma ghafla usiku. Hiyo huenda ikawa jongo, wala si teke ulilopiga.

Viungo vya mikono hukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, wiki baada ya wiki.

Umepata choo cheusi, au kifua kinabana unapofanya mazoezi.

Kabla ya kununua hizo nguo nyeupe, nenda ukapimwe presha na sukari, na umweleze daktari kuhusu viungo vilivyowahi kuumia. Mweleze mwalimu wako pia. Mwalimu mzuri hatakudharau kwa kusema goti linauma.

Yule karani alirudi mafunzoni baada ya miezi minne. Sasa huenda mara mbili kwa wiki, hamezi tembe, na magoti yamenyamaza. Mwanawe amemtangulia kwa mkanda mmoja. Nilipomuuliza kama hilo linamuudhi alicheka, akasema kwamba mtoto ndiye anayemkumbusha kila mara, "Baba, pole pole." Wahenga nao walisema, mwenda pole hajikwai.