Shemeji ana hukumu ya zamani: je, tutapata leseni ya hempu?

Swali: Mimi na shemeji yangu tumetoka Bukavu, sasa tunaishi Louisville, Kentucky. Tunataka kusindika nyuzi za hempu. Mwaka 2019 yeye alitiwa hatiani kwa dawa za kulevya. Itatuzuia?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza someni hati ya hukumu yenyewe. Sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 humzuia mkulima wa hempu kwa miaka 10 tangu hukumu, lakini kwa kosa kubwa la jinai linalohusu dawa za kulevya tu. Makosa madogo hayahesabiki chini ya sheria hiyo. Wengi hukata tamaa bure hapo.

Lakini usindikaji serikali kuu imeuachia majimbo. Huko Kentucky, leseni ya msindikaji hutolewa na Idara ya Kilimo ya jimbo, mbali na ile ya mkulima, na mwombaji huchunguzwa rekodi ya jinai. Waulizeni kwa maandishi hukumu ya aina hiyo ina uzito gani kwa msindikaji, kabla ya kununua hata mashine moja.

Nakusihi, usimfiche shemeji nyuma ya jina lako. Chini ya sheria hiyo ya 2018, mkulima anayedanganya katika ombi hupoteza sifa ya leseni. Msijaribu hilo kwenye usindikaji.