Karasha Yako Itasimama Lini? Anza na Daftari

Muulize mwenye karasha kule Nyarugusu, Geita, au mwenye pampu ya kuoshea mchanga wa almasi hapa Maganzo, mashine yake inaharibika mara ngapi. Atakujibu, "Kila mara." Jibu hilo halimwambii spea ipi ainunue leo Shinyanga mjini na ipi isubiri. Mgodi wa Mwadui hapo jirani, alioanzisha Mkanada John Williamson mwaka 1940, una karakana na wapangaji wa matengenezo. Mchimbaji mdogo ana daftari, nalo linatosha likiandikwa sawasawa.

Hesabu saa za kazi, usihesabu siku. Karasha iliyokaa wiki nzima ikingoja mawe haikuchakaa. Injini isipokuwa na mita ya saa, andika muda wa kuwasha na kuzima, au pima kwa dizeli: kama inakunywa lita moja na nusu kwa saa, lita 60 ni saa 40.

Kila inaposimama, andika kilichoharibika: mkanda, beringi, nozeli, mpira wa kuvutia maji. Fundi akisema "imechoka tu", mbane aseme nini kimechoka. Andika pia saa ilizosimama, ukitenganisha kungoja spea na kufunga kwenyewe. Usishangae ukikuta beringi ilifungwa kwa saa mbili baada ya kusubiriwa siku nzima kutoka Mwanza. Ukimlaumu fundi hapo unamwonea.

Wastani ni rahisi: jumla ya saa, gawanya kwa idadi ya kuharibika. Pampu tatu za aina moja zikifanya kazi saa 1,800 na kuharibika mara 6, wastani ni saa 300. Usiuchukue kama ahadi. Kwa kifaa kinachokufa ovyo ovyo, uwezekano wa kufikisha saa hizo 300 bila kusimama ni kama asilimia 37 tu.

Wengi hupotelea hapa. Tuseme mikanda minne ilikatika baada ya saa 580, 600, 610 na 640, na nozeli nne ziliziba baada ya saa 40, 210, 910 na 1,270. Wastani wa kila kundi ni saa 607 na nusu! Lakini mkanda una umri wake: ubadilishe ukifika saa 550, jioni, kazi ikiwa imekwisha. Nozeli haina umri, na kuitoa ikiwa nzima ni kutupa hela. Weka moja ya akiba, na uchuje dizeli ya madumu. Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United waliandika mwaka 1978 kwamba asilimia 89 ya vifaa vya ndege walivyovichunguza havikufaidika kwa kuwekewa umri wa kubadilishwa. Ndege haisagi mawe, bila shaka. Kwenye karasha vinavyolika kwa saa ni vingi zaidi, gololi zikiwamo.

Mkanda ulioutoa kabla haujakatika uandike "umetolewa mzima". Saa zake zijumlishe, ila usiuingize kwenye idadi ya kuharibika, la sivyo wastani utashuka bure nawe utaanza kubadilisha mapema kuliko inavyotakiwa. Na kifaa kilichoharibika mara mbili tatu tu, kiache kwanza daftarini. Bado ni mapema kukipangia saa.